Kopo la Vumbi

Mama Salama alikufa siku ya Jumanne, mwanzoni mwa mwezi wa saba, saa nne asubuhi, maji ya chai yakiwa bado juu ya mbabula, jiko la makaa. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake, miguu chini, akaomba aletewe kitenge chake cha kijani kilichokuwa kinakauka uani. Émérence, mke wa mwanawe, alipoingia nacho alimkuta ameegemea ukuta. Sabrina, mjukuu wake wa miaka saba, alikuwa karibu naye amemshika kidole. Alimwambia mama yake asifanye kelele, nyanya amesinzia.

Walimzika siku hiyohiyo baada ya alasiri. Simu ilikuwa imepigwa Moba, kwa binti yake mkubwa Mouna, lakini boti ya Moba huondoka siku yake. Mouna alifika Kalemie Alhamisi, macho yamevimba kwa kilio na kwa upepo wa ziwa. Hakuuona uso wa mama yake. Alikuta chumba: kitanda cha mbao, godoro la pamba, vitenge saba juu ya kamba, na sakafuni mbele ya kitanda, alama mbili za miguu. Mama Salama alikuwa na desturi ya kupaka miguu mawese kila asubuhi, na vumbi la kiangazi lilikuwa limenasa pale alipokanyaga mara ya mwisho. Mouna alipiga magoti akazitazama alama zile muda mrefu. Halafu akatoka na kuufunga mlango.

Jioni ile alimwambia ndugu yake Anwari, mume wa Émérence, mbele ya wanawake waliokuja kulala matanga:

"Chumba ya mama haifagiliwe mpaka arubaini. Unajua desturi ya nyumba yetu. Siku ile njo mimi nitafagia, na fagio mupya, kuanza kitandani mpaka inje. Na kitanda isilale baridi. Sabrina alikuwa analala na mama, ataendelea kulala pale. Nitalala naye."

Anwari aliitikia kwa kichwa. Mama yao mwenyewe alifanya hivyohivyo alipofiwa na mama yake. Hakuna aliyemuuliza Émérence. Alikuwa binti wa mfanyakazi wa reli wa Kabalo, Mkristo. Hakubadilisha dini, na Mama Salama hakumuuliza tena habari hiyo baada ya mwaka wa kwanza. Miaka tisa katika nyumba ile ilikuwa imemfundisha kuna mambo ambayo mtu huulizwa na mambo ambayo mtu huambiwa.

*

Nyumba yao iko mtaa wa Kataki, kando ya barabara ya udongo. Wakati wa kiangazi kila pikipiki inayopita huacha wingu jekundu, na wingu lile halina haraka. Dirisha la chumba cha Mama Salama lilikuwa limepoteza vioo viwili, na pengo lilizibwa kwa katoni. Vumbi liliingia. Lilikaa juu ya mbao za kitanda, juu ya vitenge, juu ya kitambaa cha meza, na kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kulitoa, likazidi.

Katika juma la pili Sabrina aliacha kulala. Alikohoa, akakaa kitako, akalala kidogo, akakaa tena. Mchana alisinzia mlangoni na sahani mapajani. Mouna alisema ni huzuni, mtoto anamtafuta nyanya yake. Émérence aliweka sikio mgongoni mwa mtoto akasikia filimbi ndogo, na huzuni haina filimbi.

Jumamosi, siku ambayo Anwari haendi kwenye depo ya bandari anakofanya kazi, wazazi wote wawili walimpeleka kituo cha afya. Muuguzi Valère alimsikiliza mgongo, akauliza mtoto analala wapi na chumbani kuna nini. Walimwambia. Aliandika, akaacha kuandika, akawaangalia.

"Kumbe muko mnalaza mutoto ndani ya stoo."

Anwari alieleza habari ya arubaini. Valère alisema haingilii matanga ya watu, naye ana mama yake kaburini. Lakini mtoto huyu hana pepo wala huzuni ya ajabu, vumbi ndilo linalomnyima usingizi, na kama kifua kitafunga siku moja wasingoje kuche.

"Musifagie," alisema. "Fagio inaamusha vumbi, inaipandisha juu, halafu usiku inarudi ndani ya pua ya mutoto. Mupanguse na kitambaa ya maji. Chini, kitanda, dirisha. Mashuka mufue na maji ya moto kila juma, matela, ile godoro, itoke kwenye jua. Na zile bitenge, mutie ndani ya valizi mufunge."

Émérence alishika neno la kwanza. Njiani, Sabrina katikati yao akiwa ameshikwa mikono, alimwambia mumewe kwamba Mungu amewafungulia mlango. Dada Mouna amekataza fagio, na muuguzi naye amekataza fagio. Kitambaa hakuna aliyekikataza.

Anwari alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Alimwambia kwamba alistahili kusomea uwakili. Walipofika karibu na nyumbani alipunguza mwendo. Alisema dada asiambiwe, ana uchungu, hatasikia. Afadhali kazi ile ifanyike Jumatatu na Alhamisi, siku ambazo Mouna huenda makaburini. Kisha akasimama kabisa.

"Vumbi yenyewe usiitupe. Uitie ndani ya kopo, uifunge. Siku ya arubaini utamupa, aitupe yeye na ile ingine. Pale hakuna muntu atasema kitu ya mama imepotea."

Émérence aliona ni shauri jema, shauri la mtoto anayemheshimu mama yake. Nyumbani alitafuta kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, akaliosha.

*

Aliifanya kazi ile kama anavyofanya kila kitu, kwa ukamilifu. Alipangusa mbao za kitanda moja moja, kamba ya vitenge, fremu ya dirisha, sakafu chini ya kitanda mpaka ukutani. Alama za miguu hakuzigusa. Alizizunguka kwa kona ya kitambaa, polepole, kama mtu anayepaka rangi kando ya picha. Vitenge hakuthubutu kuvitoa, vingeonekana, wala godoro hakuweza kulipitisha uani bila jirani kuuliza. Mashuka aliyafua, akasema mtoto ameyakojolea. Sabrina alisikia akanyamaza, ingawa aliona aibu.

Kitambaa alikisuuza ndani ya beseni. Aliacha maji yatulie, akamwaga ya juu, na tope la chini akalianika juu ya kipande cha bati nyuma ya jiko. Likikauka alilikwangua kwa kijiko na kulitia ndani ya kopo. Kopo alilificha chini kabisa ya valizi yake, sanduku lake la nguo.

Usiku wa tatu mtoto alikohoa mara mbili tu. Wa tano alilala mpaka jua. Mouna alimshukuru Mungu, akaamini ni Yasini aliyomsomea.

Alianza kushtuka kwa sababu ya harufu. Alhamisi aliporudi makaburini chumba kilinuka sabuni, kidogo sana. Alipitisha kidole juu ya ubao wa kitanda, akakitazama. Nje ya mlango ule nyumba nzima ilifagiliwa kila asubuhi na bado meza ilikuwa nyekundu kwa vumbi. Chumba ambacho hakikufagiliwa hakikuwa nalo.

Hakuuliza. Alichukua unga wa muhogo, kiasi cha vidole vitatu, akauweka chini ya kitanda kwenye kona ya ukuta, mahali ambapo mtu hawezi kupita kwa bahati mbaya. Jumatatu alikwenda makaburini kama kawaida. Aliporudi unga haukuwapo.

Tangu siku ile Mouna alihesabu vitenge asubuhi na jioni. Alihesabu nywele zilizobaki kwenye kitana cha mama yake, akakifunga ndani ya leso na kulala nacho. Alianza kujipikia. Émérence akimkaribisha chakula alisema tumbo limejaa, halafu baada ya saa moja alionekana anachoma muhogo.

Émérence naye alikuwa ameuona unga ule. Alikaa juu ya visigino vyake akautazama, kitambaa mkononi. Kitu cheupe, chini ya kitanda cha mtoto, kwenye kona. Aliukusanya kwa ncha ya kitambaa bila kuugusa kwa ngozi, nao akautia ndani ya kopo. Jioni alimnong'oneza mumewe kwamba dada yake anaweka dawa chumbani. Anwari alimwambia aache mawazo, atazungumza na dada. Kesho yake Mouna alimvuta kando akamwambia kwamba mke wake anachukua vitu vya marehemu. Anwari alimwambia aache mawazo, atazungumza na mke wake. Kisha akaanza kula bandarini na kurudi nyumbani baada ya sala ya isha.

Aliyeyafichua yote ni Victorine, jirani anayeuza mandazi, ambaye ua wake na ua wao unatenganishwa na matete tu. Mouna alikwenda kununua mandazi mawili.

"Dada Mouna, mimi si muntu wa maneno," Victorine alianza, akifunga mandazi ndani ya karatasi taratibu. "Unanijua. Lakini hapa Kalemie mimi nimeona watu wakianika ndagala, nimeona wakianika muhogo. Vumbi? Muntu kuanika vumbi, kuikwangua na kijiko, kuitia ndani ya kopo? Ile sijaona. Labda kwao Kabalo njo wanakula."

Mouna aliyaacha mandazi mezani.

*

Kikao kilikuwa Jumapili, siku ya ishirini na saba. Mjomba Abdoul-Karim, ndugu mdogo wa marehemu, alikuja na mke wake. Shehe wa msikiti wa mtaa aliombwa aje ashuhudie. Victorine aliitwa kwa sababu ndiye aliyeona. Watu wanne, kwenye mkeka barazani, na Anwari kwenye kiti karibu na mlango. Sabrina aliambiwa akacheze, akaenda mpaka nyuma ya pazia.

Mouna hakupoteza muda. Aliomba valizi ya Émérence iletwe na ifunguliwe. Émérence alimtazama mumewe. Anwari alisema, kwa sauti ya chini, kwamba kama hakuna kitu ndani hakuna ubaya.

Kwa hiyo vitu vilitoka, kimoja baada ya kingine, mkononi mwa Mouna. Kitenge cha kwaya ya kanisa. Cheti cha shule. Nguo za ndani, nne, moja imeshonwa kiunoni kwa uzi wa rangi nyingine. Mke wa Abdoul-Karim aliziinua kwa vidole viwili kuona chini yake. Vitambaa vya mwezi, safi, vimekunjwa. Shehe aligeuza uso akatazama barabara. Émérence alikuwa amesimama, na mikono yake haikujua mahali pa kukaa.

Kopo lilitoka mwisho. Abdoul-Karim alilifungua. Vumbi la kijivu na jekundu, limefika nusu, na juu yake vidonge vya unga mweupe.

"Ule unga njo wangu," alisema Mouna. "Niliutega. Nilitaka kujua kama kuko muntu anaingia."

Hapo Émérence alielewa kwamba hakukuwa na dawa yoyote, na kwamba kuelewa kumekuja siku mbaya.

Shehe alikohoa. Alisema dini haijui habari ya chumba kutofagiliwa, na usafi hauna msiba.

"Shehe, sikatae," Mouna alimjibu kwa adabu. "Lakini ni usafi gani ile muntu anaificha ndani ya valizi?"

Shehe alimgeukia Abdoul-Karim.

"Mama Sabrina," Abdoul-Karim alisema. Hakuwa mtu mkali. Ndiye aliyemtafutia Anwari kazi ya depo, na alikuwa akimletea mtoto samaki kila mwisho wa juma. "Vumbi ya marehemu unaiweka ya nini?"

Émérence alieleza. Alianza na filimbi ya kifuani, akaja kwa muuguzi, akaja kwa kitambaa, akasema alilitunza vumbi ili amkabidhi dada siku ya arubaini. Alisikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyokuwa mapya kwa wale wanaoyasikia, jinsi kila sehemu ya kweli ilivyofanana na hadithi.

"Kwani vumbi ni mahari, unaitunza?" Victorine aliuliza, na mke wa Abdoul-Karim akafunika mdomo.

"Nani alikuambia uitunze?" Abdoul-Karim aliuliza.

"Papa Sabrina njo alinishauri. Yuko hapa. Mumuulize."

Wote waligeuka. Anwari alikuwa ameshika funguo za depo, anazizungusha kwenye pete yake. Alimwona mjomba wake. Alimwona dada yake, ambaye hakuuona uso wa mama yao, na leso yenye kitana imefungwa kiunoni mwake. Neno lilikuwa fupi. Alitafuta namna ya kulisema bila kuonekana mtoto wa kiume aliyepanga na mke wake kumtoa mama yake chumbani kwa siri, siku ambazo dada yuko makaburini. Hakuipata namna hiyo.

"Mimi niko kazini kutwa," alisema. "Mambo ya ndani ya chumba siyajue."

Émérence alimtazama. Hakulia, hakumwita mwongo. Alipiga magoti kwenye mkeka akaanza kurudisha vitu vyake ndani ya valizi, akikunja upya kila nguo iliyokunjuliwa. Kisha akaomba jambo moja, kwamba Sabrina asilale tena katika chumba kile.

"Kitanda haitalala baridi," Mouna alisema.

Abdoul-Karim aliamua Émérence aende kwao Kabalo apumzike mpaka arubaini ipite, halafu watakaa tena wazungumze. Mtoto ni wa nyumba, atabaki. Alisema bila hasira, na alipoondoka alimuaga Émérence kwa jina la mtoto wake, kama siku zote.

Jioni Mouna aliingia chumbani na lile kopo. Alilimimina lote sakafuni. Lakini vumbi lililokusanywa haliwezi kurudi lilikotoka, lilibaki kichuguu mbele ya kitanda. Akalisambaza kwa kiganja, kushoto na kulia, mpaka lilipoenea. Aliposimama na kuangalia chini alikuta amezifuta alama za miguu ya mama yake. Kwa majuma mawili Émérence alikuwa akizizunguka, na aliyezifuta ni yeye Mouna, kwa mkono wake mwenyewe. Alitafuta pembe moja ya kisigino, hata kidole. Halafu akasema labda Émérence alikuwa amekwisha kuzifuta, na akajaribu kuamini hivyo.

*

Treni ilipatikana Jumanne, kwa bahati; mara nyingine watu hukaa juma zima stesheni na masufuria yao. Anwari alisema ana zamu, lori la sukari linaingia. Émérence alibeba valizi mwenyewe mpaka kwenye pikipiki. Mlangoni alisimama mbele ya wifi yake.

"Kitambaa ya maji, dada. Haiko zaidi ya ile."

Mouna alifunga mlango kwa sababu ya vumbi la pikipiki.

Usiku wa tatu baada ya hapo, mtoto aliamka na hakuweza kuvuta pumzi. Mouna alimsikia kabla hajamwona. Sauti ya mtu anayekata ubao, mbali. Aliwasha simu. Sabrina alikuwa amepiga magoti juu ya godoro, mabega yamepanda mpaka masikioni, mdomo wazi, na shingoni pale penye shimo ngozi ilikuwa inaingia ndani na kutoka. Hakulia. Hakuwa na hewa ya kulilia. Mouna alisoma alichojua, akaona macho ya mtoto yanamtazama yeye, si Mungu. Alimfunga mgongoni kwa kitenge cha kwanza alichovuta kambani, akatoka barabarani bila viatu na kusimamisha pikipiki. Anwari aliwafuata kwa miguu.

Valère ndiye aliyekuwa zamu. Alimkalisha mtoto, akamwekea pampu ya dawa mdomoni, mara moja, mara ya pili, akahesabu. Kulipoanza kupambazuka mabega ya Sabrina yalishuka, akalala ameketi, kichwa juu ya kifua cha shangazi yake.

Ndipo Valère aliuliza mama yake yuko wapi.

"Amesafiri," alisema Mouna.

"Nilimuambia apanguse. Hakupangusa?"

"Alikuja peke yake?" Mouna aliuliza.

"Hapana. Walikuja wote wawili. Papa alikuwa amekaa palepale unakaa. Yeye njo alinieleza mambo ya arubaini."

Mlango ulikuwa wazi. Anwari alikuwa nje, anaongea na mwenye pikipiki habari za bei ya mafuta.

Mouna alingoja mtoto aamke. Alimnywesha maji. Akamuuliza, kwa upole, kama alisikia wazazi wake wanasema nini siku ile wakirudi kutoka hapa. Sabrina alijibu upesi, kama mtoto anayeulizwa somo analolijua, kwamba papa alimwambia mama atie vumbi ndani ya kopo, ampe shangazi siku ya arubaini, ili asikasirike.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Hakuna muntu aliniuliza."

*

Asubuhi ileile, siku ya thelathini na mbili, Mouna alichota ndoo ya maji. Alikunja vitenge saba vya mama yake akavitia ndani ya sanduku na kulifunga. Aliliburuta godoro mpaka uani, mchana mweupe, akalipiga kwa fimbo. Victorine aliinua kichwa juu ya matete akauliza kama arubaini imesogezwa. Mouna alimjibu kwamba mandazi yake yanaungua. Kisha alirarua shuka kuukuu, akapiga magoti, akapangusa chumba chote, akabadilisha maji mara tano. Maji aliyamwaga barabarani.

Anwari aliporudi mchana alimkuta amekaa kwenye mkeka barazani.

"Ulijua," alisema Mouna.

Anwari alivua viatu. Alichukua muda mrefu kuvivua.

"Nilitoa nguo za ndani za Mama Sabrina mbele ya shehe," Mouna aliendelea. "Mimi, na mikono yangu. Na wewe uko unaangalia. Uwaite. Walewale wane. Wakae palepale, useme."

Anwari alisema atasema. Lakini wakati huu si mzuri, watu wataona wamevuruga matanga ya mama, tena mjomba ana presha. Tungoje arubaini ipite, alisema.

Arubaini ilifika katikati ya mwezi wa nane. Walisoma, wakachinja mbuzi, wakapika pilau kwenye sufuria mbili za kuazima. Mouna alishika fagio jipya akafagia kuanzia kitandani mpaka nje, na hakukuwa na kitu cha kufagia. Wale wanne walikuwa uani, wanakula. Mouna alimtazama ndugu yake mara tatu. Anwari alizunguka na birika akiwanawisha watu mikono, akauliza kama nyama imetosha. Shehe alifunga kwa dua, na kila mtu akaenda kwake na mfuko wa pilau.

Usiku ule Anwari alipiga simu Kabalo. Alimwambia mke wake mambo yamekwisha, arudi, atamtumia kitenge kizuri cha Kigoma.

"Kitenge ninayo," alisema Émérence. "Valizi yangu ilifunguliwa mbele ya watu wane. Waite walewale, uwaambie. Halafu nitakuja na miguu yangu."

Anwari alisema ndiyo. Alisema hivyo tena juma lililofuata, na lile lingine.

Mouna hakurudi Moba na boti ya mwisho wa mwezi. Alimwambia Abdoul-Karim kwamba anampeleka Sabrina kwa mama yake kabla shule hazijafunguliwa. Mjomba alipinga, mtoto hahami nyumba ya baba yake kama mbuzi, na sababu ni ipi? Mouna alimwambia sababu anayo Anwari, amuulize. Abdoul-Karim alimuuliza. Anwari alijibu kwamba hewa ya kule ni nzuri zaidi kwa kifua chake.

Walisafiri siku mbili kwa sababu treni ililala njiani, Nyunzu. Kabalo, Mouna alikaa usiku mmoja. Alimwomba Émérence msamaha mbele ya baba yake mzee, na Émérence alimpa kiti, akampikia samaki, na asubuhi akamsindikiza stesheni. Juu ya Anwari hawakusema kitu.

Sabrina yuko darasa la pili huko Kabalo, na analala kitanda kimoja na mama yake. Pampu yake inakaa juu ya dirisha. Kalemie, Anwari na mjomba wake wanatoka msikitini pamoja kila Ijumaa. Wanasimama kidogo kivulini, mjomba anauliza habari za nyumbani, na Anwari anajibu kwamba ni nzuri.